Mwalimu Nyerere na Shamba la Shule

Ndugu mliomaliza zamani, nanyi wanafunzi mlioko madarasani sasa, wengi wetu tumepata kushika jembe la shule. Wazee wa shule hulisimulia kwa vicheko, hasa jua la Tanga la saa nane. Lakini aliyelipeleka jembe hilo shuleni alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi, na inafaa kueleza alikusudia nini.

Hayati Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 1922 huko Butiama, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere. Alifundisha St. Mary's, Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu mpaka mwaka 1955, alipotakiwa achague baina ya chaki na TANU. Yaliyofuata kila mtoto anayajua.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi hulikumbuka kama amri ya kulima, nao hawakulisoma. Mwalimu alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimfundisha kijana kukikimbia kijiji, kuamini kitabu peke yake, na kumdharau mzee asiyesoma ingawa mzee huyo ana maarifa yake. Akataka shule iwe na shamba, tena shamba la namna ambayo mwanakijiji angeweza kuiga. Hakutaka mitambo ya maonyesho. Alitaka samadi, matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Juu ya hayo, wanafunzi wenyewe wapange kazi, waweke hesabu, na waone faida imekwenda wapi.

Hapo penye hesabu ndipo shule nyingi nchini zilipoteleza. Shamba likawa adhabu ya wachelewaji na wapiga kelele, na mavuno yakapita bila mwanafunzi kuambiwa yalikuwa magunia mangapi. Kijana anayelima kwa adhabu atajifunza kulichukia jembe. Habari za udongo hatazijua.

Kwa watu wazima kazi ilikwenda vizuri zaidi. Mwalimu aliufanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, kitabu mkononi. Somo likiisha hawakwenda kulala: walichimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Naona hili ni darasa kubwa kuliko yote aliyopata kufundisha, maana mtihani wake ulionekana uani kwa kila mtu.

Lakini sisi wa Tanga tuna swali letu. Miaka ileile redio ilipohubiri kwamba misitu ni mali, kampuni ya umma ya mbao ilikuwa ikiangusha magogo Usambara Mashariki, milima inayolisha Mto Zigi, ambao maji yake tunayanywa mjini. Ukataji ule ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwalimu akiwa ameshaondoka Ikulu.

Na vijiji vya ujamaa je? Kuanzia 1973 mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu. Palipojaa watu, mashamba ya karibu yalichoka kwa kulimwa bila kupumzishwa, na akina mama wakatembea mbali zaidi kutafuta kuni. Wakulima waliozijua ardhi zao kwa vizazi waliambiwa waziache, na aliyeongoza nchi ndiye aliyekuwa ameandika kwamba wazee wasiosoma wana maarifa. Wanafunzi wa historia wasiogope kuliuliza hilo. Yeye mwenyewe alitaka shule zifundishe kuuliza.

Alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani kwao, Butiama.