Ely Culbertson, mutu aliyesoma karata za wengine bila kuziona

Wenye kucheza karata mangaribi huko Musienene, kwenye barabara ya Butembo kwenda Lubero, wanajua ile saa mutu anaangalia uso wa mupinzani na kujiuliza ameshika nini. Ely Culbertson alitajirika kwa kujibu ulizo hilo.

Alizaliwa Romania tarehe 22, Mwezi wa 7, 1891. Baba yake alikuwa Mumarekani, enjiniere wa migodi. Mama yake, Murusi. Mapinduzi ya 1917 mu Urusi yalimaliza mali ya familia, na kijana akaanza kutafuta chakula kwa karata mu Paris, kisha Marekani. (Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa namna mali ya baba inapotea mu vita.) Mu 1923 alimuoa Josephine, mwalimu wa muchezo wa briji.

Briji inachezwa na watu 4, wawili juu ya wawili, kila mumoja na karata 13. Mwenye kuongoza anaona zake na za mwenzake zilizolazwa mezani: 26. Zingine 26 zimefichwa. Tuseme anaona karata 8 za moyo. Kwa wapinzani zimebakia 5. Moyo unapochezwa mara ya pili, mupinzani wa kushoto anatupa alama ingine. Basi alikuwa na 1 tu, na mwenzake alikuwa na 4. Hesabu moja inafungua ingine. Hata kunyamaza kunasema: mutu ambaye hakutangaza kitu mwanzoni, kisha akatoa asi na mufalme, hawezi kuwa anaficha asi ingine. Angekuwa nayo, angetangaza.

Mu 1930 Culbertson alitoa kitabu kuhusu namna ya kutangaza nguvu ya karata. Wakubwa wa briji walikasirika. Mwezi wa 12, 1931, mu New York, akakutana na mumoja wao, Sidney Lenz, kwa duru 150, na magazeti yakafuata kila siku. Aliyesimamia sheria alikuwa ofisa kijana, Alfred Gruenther, ambaye kisha miaka 20 hivi aliongoza majeshi ya NATO mu Ulaya. Oswald Jacoby, mwenzake Lenz, alichoka naye na kuacha muchezo katikati. Culbertson, pamoja na Josephine kwa sehemu kubwa ya duru, alishinda kwa pointi 8 980.

Mezani kwake mwenyewe hakuona vizuri hivyo. Mu 1937 Austria iliwashinda Budapest. Mu 1938 yeye na Josephine waliachana. Akageukia siasa, akaandika mupango wa jeshi la dunia lenye kulinda amani, kila inchi kubwa na sehemu yake iliyopimwa. Serikali hazikuukubali.

Alikufa tarehe 27, Mwezi wa 12, 1955, mu Vermont. Josephine alimufuata kisha miezi 3.