Lillien Martin, mwanasaikolojia wa wazee

Makanisa yetu yanapozungumza juu ya wazee, mara nyingi huzungumza juu ya chakula, dawa na mazishi. Ni vema. Lakini pale Kambove, mji wa shaba, tunaona shida nyingine. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, katika Katanga nzima, waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wametumika tangu ujana wao. Leo mzee aliyezoea zamu ya mgodini anakaa mlangoni mchana kutwa, hasemi na mtu, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee tu.

Yuko mama mmoja ambaye hakukubali neno hilo, uzee tu. Ndiyo maana tunawasimulia maisha yake.

Lillien Jane Martin alizaliwa mwaka 1851 huko Olean, jimbo la New York, Marekani. Alimaliza masomo Vassar mwaka 1880, akafundisha sayansi Indianapolis na baadaye San Francisco. Mwaka 1894, akiwa na miaka 43, aliacha cheo kizuri shuleni akaenda Göttingen, Ujerumani, kuanza upya kama mwanafunzi wa saikolojia. Chuo Kikuu cha Stanford kilimchukua mwaka 1899, na mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara pale. Mwaka uliofuata alitimiza miaka 65, akatakiwa kustaafu.

Kwetu sisi, maisha yake yanaanzia hapo.

Alirudi San Francisco akawa mshauri wa watu wenye shida za moyo na akili. Mwaka 1920 alianzisha kliniki ya watoto wadogo katika hospitali ya Mount Zion. Akiwasikiliza watoto, aligundua kwamba mara nyingine shida ilikuwa kwa bibi wa nyumba ile ile, mtu asiye na kazi ya kufanya isipokuwa kuingilia malezi. Kumsaidia mtoto na kumwacha bibi ni kufagia nusu ya nyumba. Basi mwaka 1929, yeye mwenyewe akiwa na miaka 78, alifungua kituo cha ushauri kwa wazee. Wakati ule wataalamu wengi waliona hakuna faida kuhangaika na akili ya mzee.

Kazi yake haikuwa ya ajabu. Alikaa na mzee mmoja mmoja, akamwacha asimulie maisha yake yote. Kisha wakapanga pamoja ratiba ya siku na jambo la kulifikia mbele. Hakuwabembeleza sana. Mzee aliyerudia kila mara mambo ya zamani aliulizwa kesho atafanya nini. (Pengine baadhi ya wazee wetu wangemwona mkali.) Pamoja na mwenzake Clare de Gruchy aliandika juu ya njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1930.

Tuseme wazi: njia hii haitoshi kwa kila mtu. Mzee anayesahau majina ya watoto wake au anayepotea njia ya nyumbani huenda ana ugonjwa wa ubongo. Huyo apelekwe kwa daktari. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Asiitwe mchawi, wala asifungiwe chumbani. Lakini yule wa mlangoni, aliyenyamaza tangu kazi iishe, anahitaji mtu wa kukaa naye saa nzima na kumuuliza. Shemasi anaweza kuanza.

Mama Martin naye hakupumzika. Alijifunza kuendesha gari akiwa amepita miaka 70, akaanzisha shamba lililolimwa na wazee, na akiwa na miaka 87 alisafiri Amerika ya Kusini. Alifariki Machi 1943, akiwa na miaka 91. Kitabu chake cha mwongozo kwa washauri wa wazee kilitoka mwaka uliofuata.