Kawawa: Nyota wa sinema aliyegeukia siasa

Kabla jina lake halijavuma katika siasa, Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa sura iliyochekesha watu kwenye kitambaa cheupe cha sinema.

Alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea, akasoma Dar es Salaam na baadaye Tabora. Nafasi ya kwenda Makerere ilikuwapo, lakini aliiacha ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Akaajiriwa kuwa karani katika Idara ya Kazi za Umma, kisha akahamia ustawi wa jamii, ambako alizunguka na gari la sinema katika kampeni ya serikali ya kufuta ujinga.

Huko ndiko uigizaji ulikomkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ikishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu kadhaa za Kiswahili kwa ajili ya Waafrika. Kawawa akawa mwigizaji mkuu. Iliyompatia sifa zaidi ni Muhogo Mchungu, kisa cha mshamba anayeingia Dar es Salaam na kutapeliwa na wajanja wa mjini. Watazamaji walimcheka, na bila shaka wengi walijiona wenyewe. Lakini kicheko hicho kilikuwa na mwenyewe: wakoloni hawakupendezwa na vijana waliokuwa wakimiminika mijini, na kisa cha namna hiyo kiliwafaa sana.

Ajabu ni kwamba aliyeigiza mshamba huyo ndiye aliyekuja kuwa msemaji wa watu wa mjini. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliozuiliwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau nchini Kenya. Miaka miwili baadaye lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu. Watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na siasa, hivyo mwaka 1956 akaacha kazi, na pamoja nayo kamera. Makuli, matarishi na vibarua, wale wale ambao filamu ingependa warudi vijijini, sasa walikuwa jeshi lake.

Januari 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipojiuzulu ili akaijenge TANU, Kawawa alishika uwaziri mkuu wa nchi iliyokuwa na umri wa wiki sita tu. Ni chini yake, mwaka huo huo, ilipopitishwa sheria iliyoibana mno haki ya kugoma. Wenzake wa zamani katika vyama walihisi wamesalitiwa, na si rahisi kuwalaumu. Mwaka 1964 TFL yenyewe ilivunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na NUTA iliyokuwa chini ya mkono wa serikali.

Alikuwa Makamu wa Pili wa Rais tangu mwaka 1964, akawa tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977, kisha Waziri wa Ulinzi, na baadaye Katibu Mkuu wa CCM. Watu walimwita Simba wa Vita. Mkewe Sofia, aliyeongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania, alimtangulia mwaka 1994.

Kawawa alifariki dunia Desemba 31, 2009 katika hospitali ya Muhimbili, akazikwa Madale, nje kidogo ya jiji lile lile ambalo Muhogo Mchungu alitapeliwa.