Leonhard Euler: Kipofu aliyejua nguzo itapinda lini

Apitaye Kalimoni na mitaa mingine ya Juja, katika kaunti ya Kiambu, hakosi kuona jengo la ghorofa ambalo halijakamilika. Chini ya sakafu iliyomwagwa zege majuzi husimama msitu wa miti ya mikaratusi, myembamba na mirefu, ikiibeba sakafu hiyo hadi ishike. Fundi mwenye uzoefu huifunga miti hiyo kwa mbao za kukingama, karibu na katikati ya urefu wake. Asiyejua huenda akadhani mbao hizo ni za kupandia tu.

Kumbe ndizo zinazookoa maisha ya walio chini. Mti mwembamba uliozuiwa katikati usiweze kuyumba upande wowote huhimili mzigo mara nne ya ule unaomwangusha mwenzake usiozuiwa. Kanuni hiyo, ambayo hakuna mhandisi wa majengo anayehitimu bila kuipitia, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilicho papo hapo Juja, ilitolewa mwaka wa 1744 na Leonhard Euler, mtu ambaye hakuwa mjenzi.

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa na alitamani mwanawe afuate nyayo zake. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13. Huko alimpata Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakuu wa Ulaya, ambaye alikubali kumfafanulia kila Jumamosi mambo yaliyomtatiza vitabuni. Ni Bernoulli aliyemshawishi mzee Paul kwamba kijana huyo aliumbiwa hesabu, si mimbari.

Mnamo 1727 Euler, mwana wa nchi isiyo na bahari, alishiriki shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris kuhusu namna bora ya kusimika milingoti ya merikebu. Alishika nafasi ya pili. Mwaka huo huo alihamia St. Petersburg, Urusi, ambako Daniel, mwana wa Johann Bernoulli, alikuwa ametangulia. Alimwoa Katharina Gsell mwaka wa 1734, wakajaliwa watoto 13, ingawa ni watano tu waliovuka utoto. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1730 jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza nuru.

Alihamia Berlin mwaka wa 1741 kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Miaka mitatu baadaye kilitoka kitabu chake kuhusu namna ya kutafuta mikondo yenye sifa ya kuwa kubwa au ndogo kupita mingine yote. Mwishoni mwake aliongeza sura kuhusu ufito unaopinda, baada ya Daniel Bernoulli kumdokezea kwa barua jinsi suala hilo lingeweza kukabiliwa. Katika nyongeza hiyo ndimo ilimo kanuni ya nguzo. Yamkini hata mwenyewe hakudhani kwamba kurasa chache za nyuma ya kitabu zingekuja kusomwa na watu wengi kuliko kitabu chenyewe.

Watu wa kale walijua kwamba mti mrefu hupinda haraka kuliko mfupi. Mholanzi Pieter van Musschenbroek alikuwa tayari, mwaka wa 1729, ameonyesha kwa majaribio kwamba urefu ukiongezeka maradufu, uwezo wa ufito hushuka hadi robo. Alichofanya Euler ni kueleza sababu yake, na kuonyesha jinsi ya kukokotoa mzigo wa mwisho kabla ya nguzo kusimamishwa.

Msomaji anaweza kulishuhudia jambo hili kwa rula ya plastiki. Aisimamishe juu ya meza na kuikandamiza kwa kiganja polepole. Mwanzoni rula hubaki wima. Mara mzigo unapofikia kiwango fulani, hupinda ghafla upande mmoja. Akiondoa kiganja, hunyooka tena, haina hata ufa. Plastiki haikushindwa. Kilichoshindwa ni umbo lake kusimama wima chini ya mzigo ule.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya nguvu na uthabiti, na ndipo wengi wanapopotoka. Anayeulizia tu ubora wa saruji na unene wa vyuma anaulizia nguvu. Euler alionyesha kwamba katika nguzo nyembamba, kinachoamua ni ukakamavu wa kitu chenyewe, umbo la mkato wake, urefu wake na jinsi ncha zake zilivyoshikwa. Nguzo ya duara ikiongezwa kipenyo maradufu, uwezo wake wa kukataa kupinda huongezeka mara 16. Aidha, nguzo iliyokazwa barabara ncha zote mbili huhimili mara nne ya ile ambayo ncha zake ziko huru kuzunguka. Aliirejea mada hiyo mwishoni mwa miaka ya 1750 katika makala mahsusi kuhusu nguvu za nguzo.

Maisha ya Berlin hayakuwa matamu. Mfalme alipenda wasemaji wenye mzaha, naye Euler alikuwa mcha Mungu asiye na makeke. Mfalme alipotaka chemchemi za maji katika bustani ya kasri lake la Sanssouci, Euler alipiga hesabu na kuonya mwaka wa 1749 kwamba mabomba ya mbao yangepasuka kwa msukumo wa maji, akashauri yatumike ya risasi yenye unene wa kutosha. Hakusikizwa. Mabomba yalipasuka, na miaka mingi baadaye mfalme akailaumu hisabati ya Euler.

Mwaka wa 1766 alirejea St. Petersburg kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Pili. Jicho la pili nalo likaingia mtoto wa jicho, na upasuaji wa 1771 haukufaulu. Mwaka huo huo nyumba yake iliteketea, akaokolewa motoni na fundi mmoja mzaliwa wa Basel. Katharina alifariki mwaka wa 1773. Licha ya hayo yote, Euler aliendelea kukokotoa kichwani huku wanawe na wasaidizi wakiandika. Sehemu kubwa ya kazi zake, ambazo kwa jumla hupita 800, ni ya kipindi hicho cha giza.

Wakati huo fundi Ivan Kulibin alikuwa amebuni daraja la mbao la kuvuka mto Neva kwa upinde mmoja wa karibu mita 300, bila nguzo yoyote majini. Alijenga mfano wake wa takriban mita 30. Wataalamu wengi walidhihaki. Euler aliandika kanuni rahisi ya kupima kama daraja litasimama, kwa kuangalia mzigo ambao mfano wake unahimili. Si kuzidisha kwa kumi tu: kitu kikikuzwa mara kumi kila upande, uzito wake huongezeka mara elfu, ilhali mikato inayoubeba huongezeka mara mia. Mwishoni mwa 1776 mfano ulipakiwa mzigo wa zaidi ya tani 50 mbele ya wasomi, nao ukasimama. Daraja lenyewe halikujengwa kamwe.

Euler aliaga dunia Septemba 18, 1783, akiwa na miaka 76, kwa kuvuja damu ubongoni. Siku hiyo alikuwa amezungumzia mzunguko wa Uranus, sayari iliyogunduliwa miaka miwili tu kabla.

Kanuni ya nguzo ilikaa karibu karne nzima bila kazi kubwa, kwa kuwa majengo ya mawe yalikuwa na nguzo nene ambazo zingepondeka kabla ya kupinda. Chuma ndicho kilicholeta nguzo nyembamba, na pamoja nazo ajali. Mnamo Agosti 29, 1907 daraja la Quebec, Kanada, lililokuwa likijengwa, liliporomoka baada ya viungo vyake vilivyobanwa na mzigo kupinda. Wafanyakazi 75 walifariki. Wahandisi walikuwa wameona vyuma hivyo vikianza kupinda siku kadhaa kabla, na kazi ikaendelea.

Si kila jengo linaloanguka huangushwa na kupinda kwa nguzo. Lile la ghorofa sita lililoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua takriban watu 50, lilikuwa limejengwa kando ya mto na mvua ilikuwa kubwa. Nalo pia lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa, na bado wapangaji walikuwa ndani.