Baden-Powell na Shanga za Dinuzulu

Jina la Lord Baden-Powell si geni kwa yeyote aliyewahi kufunga skafu ya skauti shingoni. Mimi nilikuwa skauti katika shule moja ya hapa kisiwani Mfangano, na beji ya kwanza niliyobadilishana na skauti wa nchi jirani, katika kambi ya Rowallan kule Nairobi, ningali nayo. Hatukulipana hata senti. Desturi ni beji kwa beji, kisha mnapeana mkono wa kushoto. Tangu 1999 wageni katika bustani za starehe za Disney huko Marekani nao hubadilishana pini namna hiyo, lakini maskauti waliwatangulia kwa miaka mingi. Basi, ndugu msomaji, tumtazame aliyekianzisha chama hicho.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Aliingia jeshini mwaka 1876, akapelekwa Bara Hindi, halafu Afrika. Mwaka 1888 alikuwa Zululand, Waingereza walipopigana na Dinuzulu, mwana wa Mfalme Cetshwayo. Dinuzulu alishindwa, akahamishiwa kisiwa cha St Helena. Baden-Powell naye alirudi na mkufu mrefu wa shanga za mti, ulioaminiwa kuwa wa mwana mfalme huyo. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, alimpitishia hukumu ya kifo mateka wake, Chifu Uwini, akapigwa risasi. Kisha kuzingirwa kwa Mafeking kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900, kukamfanya shujaa wa Uingereza nzima.

Lakini sifa yake ya kudumu ilitoka kwingine. Mwaka 1907 alichukua wavulana wapatao ishirini, wa matajiri na wa maskini, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Sisi watu wa visiwani hatushangai: kisiwani hakuna pa kumkimbilia mwenzako, hamna budi kusaidiana. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, Scouting for Boys, na mwaka 1920, katika jambori ya kwanza ya dunia mjini London, vijana wakamtawaza Skauti Mkuu wa Dunia.

Mwaka 1919, viongozi wa kwanza walipohitimu mafunzo yao Gilwell, karibu na London, alitafuta cha kuwatunukia. Akaufungua ule mkufu wa Zululand, akawagawia shanga zake. Mpaka leo viongozi wa maskauti duniani kote huvaa shanga za mfano huo kwa fahari.

Hapo ndipo ninapotia neno. Beji yangu niliipata kwa kutoa nyingine, na mwenzangu aliondoka na kitu mkononi. Shanga zile hazikubadilishwa na chochote, zilitwaliwa vitani. Alama kubwa ya undugu ilianza kama nyara. Sisemi viongozi wazivue. Nasema anayezivaa awasimulie vijana zilikotoka, na jina la Dinuzulu litajwe pamoja na la Baden-Powell.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanajeshi huyo aliyeanza maisha kwa vita aliyamaliza akiwafundisha vijana wa mataifa mbalimbali kukaa hema moja. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake linautazama Mlima Kenya, na juu yake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti aliyekwisha kwenda nyumbani. Hapa Mfangano pia, katika miamba ya Mawanga, wazee wa kale walichora maduara, nasi twayatunza ingawa majina ya wachoraji yamepotea. La Dinuzulu halijapotea, bali huachwa tu lisitajwe.

Kijana, ukibadilishana beji, muulize mwenzako jina lake na kwao, ulihifadhi pamoja nayo.