Bill Putnam: fundi aliyegawa mtambo vipande ili kazi isisimame

Wewe unayepita Manyovu na Mugina na mizigo yako unajua jambo moja ambalo halifundishwi chuoni. Ukifunga mali yote katika robota moja, likitumbukia mtoni umekwisha. Ukiigawa katika mafurushi madogo, moja likilowa mengine yanafika sokoni. Leo naandika habari za marehemu mmoja aliyepeleka hesabu hiyo katika mitambo ya kurekodia sauti. Jina lake kamili ni Milton Tasker Putnam, lakini ulimwengu wa muziki ulimjua kama Bill.

Kwanza nieleze kwa nini mwalimu wa shule anamwandika mtu wa studio. Mimi nilivuka kwenda Tanzania mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Niliporudi Makamba mwaka 2008 nilikuta vijana wengi hatujui mababu zetu walilima wapi, wala mto upi ulikuwa mpaka wa shamba lipi. Wanaojua ni wazee, na wazee hawangoji. Basi mimi na wanafunzi wangu tukaanza kuwarekodi, mzee mmoja baada ya mwingine.

Tulikuwa na mikisa moja ya njia nane. Siku moja njia moja iliungua, ikaharibu na nyingine zote. Fundi aliuchukua mtambo mzima na kukaa nao miezi minne. Katika miezi hiyo tulizika wazee wawili ambao tulikuwa hatujawarekodi. Mmoja alikuwa shahidi pekee wa mpaka ambao hadi leo familia mbili zinaugombania.

Baadaye mama mmoja mfanyabiashara alituletea kutoka Dar es Salaam, kupitia Kigoma, kisanduku cha mtumba cha kukaa mezani. Ni kidogo hata kinaingia katika mfuko wa sokoni. Ndani hakina kitu ila umeme na nafasi mbili. Kila nafasi inapokea kipande chembamba, upana wake hauzidi sentimita 4 na urefu wake kama sentimita 13. Kipande kimoja kinaweza kuwa cha kukuza sauti ya maikrofoni, kingine cha kuibana sauti isipae, kingine cha kupunguza au kuongeza besi. Vyote vinakula umeme wa sanduku lile lile, volti 16 chanya na volti 16 hasi. Chetu kilikuja na vipande viwili vya kukuza sauti. Mwaka jana kimoja kilipokufa katikati ya kazi, tulizima umeme, tukalegeza skrubu mbili, tukakitoa, kisha tukaendelea na kile cha pili. Chai ya mzee ilikuwa bado ya moto.

Hapo ndipo nilipouliza: nani aliwaza hivi? Njia ya swali hilo ilinifikisha kwa Putnam.

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1920 mjini Danville, katika jimbo la Illinois, Marekani. Tangu utotoni alikuwa mtu wa redio, akiunda na kufungua, na pia alikuwa mwimbaji wa bendi za dansi. Hayo mawili hayakutengana maisha yake yote. Alijua waya, na alijua mwimbaji anataka kusikia nini.

Mwaka 1946 yeye na wenzake walianzisha studio iliyoitwa Universal Recording, kwanza Evanston, kisha wakahamia mjini Chicago. Mwaka uliofuata walirekodi kundi la wapiga harmonika watatu, The Harmonicats, katika wimbo wa Peg o' My Heart. Putnam aliona sauti ni kavu. Hakuwa na mashine ya kutengeneza mwangwi, maana haikuwapo sokoni. Akatumia bafu la jengo: spika ndani, maikrofoni ndani, sauti ikagonga kuta za vigae na kurudi imejaa. Rekodi ile iliuzwa kupita nakala milioni moja, na tangu hapo mwangwi wa makusudi ukawa sehemu ya muziki.

Chicago ilimpa jina. Watu kama Duke Ellington na Muddy Waters walirekodi katika studio yake. Mtu mwingine angetulia hapo. Yeye mwaka 1957, biashara ikiwa inakwenda vizuri, alihamia Los Angeles kuanza upya. Sisi tuliorudi tunajua uzito wa kuanza upya, ingawa yeye alihama kwa hiari na sisi hatukuulizwa.

Huko alijenga studio ya United Recording katika barabara ya Sunset, na baadaye akaongeza ya Western iliyokuwa jirani. Frank Sinatra alikuwa rafiki na mteja wake. Kwa studio hizo aliunda meza ya kuchanganyia sauti iliyojulikana kwa namba 610. Kila njia ya meza ile ilikuwa kipande kinachojitegemea. Kikiugua kinachomolewa, kingine kinaingizwa, na bendi inayolipwa kwa saa haikai kumngoja fundi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Alikuwa pia mtu wa kuona mbali. Wakati makampuni ya sahani za santuri hayakujali stirio, yeye alirekodi nyimbo za wateja kwa stirio kwa gharama zake mwenyewe na kuziweka akiba. Miaka ya 1960 ilipoanza, kila kampuni ilitaka stirio. Ikabidi zimwendee na kumlipa. Mfanyabiashara anayeweka mahindi ghalani wakati wa mavuno anaielewa hesabu hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alitoa mashine ya kubana sauti iitwayo 1176, iliyotumia transista badala ya taa za zamani. Hadi leo mafundi wanaitafuta, na wengine wanaiiga. Alifariki tarehe 13 Aprili 1989 akiwa na miaka 69. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, wanawe waliifufua kampuni yake ya Universal Audio.

Niwe mkweli: kisanduku chetu si kazi ya mikono yake. Kipimo cha vipande vyake kilitoka kwa kampuni nyingine ya Marekani, API, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kujenga meza za vipande vidogo zaidi. Mafundi walipozoea kuvitoa vipande hivyo mezani na kuvibeba, katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa sanduku lenye mpini lililoitwa Lunchbox, yaani kisanduku cha chakula cha mchana. Leo makampuni mengi yanatengeneza vipande vya kipimo hicho hicho. Lakini wazo la kuchomoa kilichougua na kuacha kizima kiendelee, Putnam alikuwa miongoni mwa waliolitangulia.

Mzee tuliyemrekodi siku ile kipande kilipokufa alitaja mito mitatu, miti miwili ya mipaka na majina ya majirani wote wa baba yake. Alifariki wiki sita baadaye. Sauti yake ipo, na wajukuu wa pande zote mbili wameshakuja shuleni kuisikiliza wakiwa wamekaa benchi moja. Kila wanapokuja, nakitoa kisanduku kabatini, nakifuta vumbi, na moyoni namshukuru fundi wa Danville ambaye hakuwahi kusikia jina la Makamba.