Habari za John Graham Chambers, Aliyeandika Sheria za Ndondi

Vijana wetu wa Mbeya na Iringa wakipigana ndondi, kengele hulia baada ya dakika 3, nao hupumzika dakika moja. Walimu wengi waijua desturi hiyo. Wachache wamjua aliyeiandika. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulieni habari zake.

John Graham Chambers alizaliwa Llanelli, nchi ya Wales, mwaka 1843. Alisoma Eton, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, akawa mpiga makasia hodari. Mwaka 1866 alishinda katika mashindano ya kutembea maili 7, na mwaka uo huo akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha riadha huko London, akakitumikia kwa bidii nyingi.

Siku zile ngumi zilipigwa kwa mikono mitupu. Pambano liliweza kuchukua saa moja, hata mbili, na watazamaji wakiwekeana fedha. Pumziko lilipatikana mtu alipoanguka tu. Naye hata akivuja damu, rafiki zake walimwinua na kumrudisha mbele ya adui yake. Wengine walikufa. Basi Chambers akatunga sheria 12, zikatangazwa mwaka 1867: glovu zivaliwe, mieleka na kukumbatiana vikome, aangukaye apewe sekunde 10 asimame mwenyewe, na mwenziwe arudi pembeni angoje. Hiyo ya kungoja twaipenda kuliko zote.

Lakini sheria hizo hazikupewa jina lake. Ziliitwa kwa jina la Marquess wa Queensberry, mkuu wa Uskochi aliyesoma Cambridge naye, kwa kuwa ndiye aliyezidhamini. Hata leo zaitwa hivyo.

Wala tusifiche jambo moja. Chama kile kilikuwa cha mabwana. Fundi na kibarua hawakuruhusiwa kushindana humo. Sisi twaona lilikuwa kosa, maana mkono wa fundi nao huumia. Mwaka 1880 kiliundwa chama kipya cha riadha kisichowafungia mlango, na mwaka huo wapiga ngumi wasiolipwa nao walipata chama chao Uingereza.

Mwaka 1875 Matthew Webb alipoogelea toka Uingereza hata Ufaransa, Chambers alimsindikiza kwa mashua. Akafariki mwaka 1883, umri wake miaka 40. Na mwaka 1970, Titus Simba wa Tanzania alipopata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, kengele ililia baada ya dakika zile zile 3.